Silaha Yangu ni Ru

Jumatatu, 4 Septemba 2017

Wateja wa chai leo: mzee mmoja aliyeingia kuuliza njia ya Nyakarenzo, na mbuzi. Mbuzi ndiye aliyekaa zaidi.

Ng'ambo ya barabara, kwa Ntabaza, watu wamejaa mpaka mlangoni. Ana televisheni pana kama mlango wa kabati. Mtu huyu alitoka Bukavu, upande wa Kongo, juzijuzi tu na sanduku moja na mke mmoja, Marguerite. Leo anauza sambaza, vile vidagaa vya ziwani, za kukaanga na mpira wa Ulaya kwa pamoja, na kila asubuhi ananipungia mkono kama ndugu yangu! Nami nampungia. Nitafanyaje?

Uwera, mke wangu, kaanza tena habari ya chumba. Anashonea chumbani kwetu, cherehani iko miguuni mwa kitanda, na jana nimelala juu ya sare za kwaya zenye pini. Anataka hiki chumba changu cha chai kiwe chake cha kushonea. Nilimwomba anivumilie mpaka Idi. Idi imepita Ijumaa. Leo kaniuliza: lini? Nikasema karibu. Akauliza karibu ni lini. Nikatoka nje kuangalia kama mbuzi amerudi.

Halafu alasiri Mungu akafungua mlango! Kaingia Maman Haruko. Ni mama wa Kijapani, mtu mzima, mfupi, nywele nyeupe, aliyeletwa kufundisha kilimo cha mpunga kule Bugarama. Anakunywa chai bila sukari. Subhanallah! Wengine wanamwita Haluko, naye anaitikia yote mawili, maana kwake R na L ni kitu kimoja. Kwa hilo amefika nyumbani. Hata mama mkwe wangu wa Gitambi, akitaka kulala husema anakwenda kurara.

Kasema anarudi kwao. Jumapili anaandaa "kalamu" ya kuaga, kwenye ukumbi ulio nyuma ya soko. Nikadhani anagawa kalamu. Kumbe karamu! Wali wa Bugarama, sambaza, na mchezo wa nyimbo. Na atakayeshinda mchezo anachukua mashine yake ya karaoke.

Nilikaa chini. Mashine ile naijua. Mwaka jana aliileta kwenye harusi moja hapa Kamembe. Kioo kinachotiririsha maneno, maikro mbili zinazong'aa, na mwangwi! Mtu akikohoa humo anakohoa kama mfalme. Usiku ule Maman Haruko aliimba wimbo wa kwao, amefumba macho, mikono imetulia mapajani. Sikuelewa hata neno moja. Nililia mpaka mpishi akaniletea maji.

Sasa mchezo wenyewe. Mtu anaimba wimbo, na anayefuata lazima aimbe wimbo ambao jina lake linaanza na silabi iliyomalizia jina la ule wa kwanza. Kwao hata watoto wanaucheza, kwa maneno matupu, wakiwa njiani. Jina likiishia na N, umetoka, kwa sababu kwa Kijapani hakuna neno linaloanza na N peke yake. Fikiria watu hao! Wamekaa, wameangalia mikia ya maneno yao yote, wameona N ni shimo, wakaweka alama. Sisi tunasema tu, maneno yanakwenda zake.

Akaendelea kueleza sheria nyingine, lakini mimi nilikuwa tayari napanga viti kichwani. Karaoke kwa Kamali! Kila jioni! Ntabaza abaki na televisheni yake akiipangusa vumbi.

Jumanne, 5 Septemba

Asubuhi nimevuka barabara kumwona Ntabaza. Mpango wa kwanza. Nikamwambia, kama jirani, asijisumbue Jumapili, nimesikia zawadi yenyewe ni kalamu. Kalamu moja! Ya bluu! Sikudanganya, neno nililitoa kinywani mwa Maman Haruko. Ntabaza akashukuru sana. Akasema atakuja bila kukosa, maana yeye "iko na shida ya kalamu", kila aliyo nayo "batu banabeba", watu wanaondoka nayo. Marguerite akaongeza kwamba amekwisha kuchagua na kitenge cha kuvaa.

Mpango wa pili ni bora zaidi. Simu yangu imenionyesha ukurasa mmoja wa Kijapani, na imenitafsiria, kwa namna yake. Watu wa kwao wanapendekezana nyimbo za karaoke humo. Nyimbo za kuimba mbele ya bosi. Nyimbo za kuimba umeachwa. Za kuimba mvua ikinyesha na huna mwavuli. Halafu, mashallah, nyimbo zilizopangwa kwa silabi ya kwanza, na tena zote kwa silabi ya mwisho, kwa ajili ya mchezo huu huu! Nchi nzima imepanga nyimbo kwa mikia! Niliacha chai ikachemka mpaka ikawa rangi ya barabara.

Chini kabisa mtu mmoja ameandika siri, na simu imeitafsiri hivi: Ukitaka kumuua rafiki yako kwa upole, mpe RU. Nikasoma mara nyingi. Kumbe kwa Kijapani maneno yanayoanza na ru ni adimu kama theluji Kamembe. Ukimaliza na ru, mwenzako anabaki mdomo wazi.

Ru! Silaha ndogo namna hii! Nimeisema mbele ya kioo. Ru. Ru. Uwera kaniuliza kama naita kuku.

Jioni kawasili mama mkwe wangu, Mukamazimpaka, kutoka Gitambi, na gunia la maharage. Anakaa wiki mbili. Karibu sana, Maman, nikasema, kama inavyotakiwa.

Jumatano, 6 Septemba

Nimechagua nyimbo saba. Zote zinaishia na ru. Wimbo wa kimulimuli wa ziwani: Mizuumi no Hotaru. Wimbo wa tumbili wa mlimani: Yama no Saru. Wimbo wa chura kwenye mvua: Ame no Kaeru. Na nyingine za jamaa hao hao, wadudu na wanyama. Chura! Nimesikiliza huyo wa chura, kinubi kinalia polepole, mwimbaji anakaribia kukosa pumzi kwa huzuni. Sisi hapa tumekaa na vyura tangu tuzaliwe, kuna aliyewahi kumwonea chura huruma? Nimetoka nje nikawasikiliza kule bondeni. Nimewaonea huruma.

Shida moja. Mama mkwe anaimba. Amekaa uani na ungo anachambua maharage, na wimbo ni mmoja tangu alfajiri, "Ruhuka". Maana yake pumzika. Pumzika jembe, pumzika mgongo, pumzika na wewe uliyelala njaa, na kadhalika. Mimi hapa natafuta sauti ya kimulimuli, kule Ruhuka! Natafuta chura, Ruhuka!

Na mkwe hawezi kumwambia mama mkwe anyamaze. Bora nitembee uchi sokoni. Nimemnunulia mahindi ya kuchoma ili mdomo upate kazi. Kayala yote, na huku anaimba kwa pua.

Alhamisi, 7 Septemba

Aibu. Nimetoka kwenda Bukavu kutafuta koti linalong'aa, maana ukiimba Kijapani huwezi kuvaa shati la kuuzia mandazi. Njia nzima waya masikioni, nafanya mazoezi ya kimulimuli. Nafika mpakani pale Rusizi I, kwenye mstari na wabeba mizigo, afisa ananiuliza nakwenda wapi. Mimi simsikii. Nafumba macho, naimba: "Hotaru..."

Akauliza hoteli gani.

Nikatoa waya. Nikasema si hoteli, ni hotaru. Akasema sawa, hiyo Hotaru iko mtaa gani. Nikasema ni mdudu. Akauliza nakwenda kulala kwenye hoteli yenye wadudu kwa nini, na mimi kwetu ni Kamembe, naweza kurudi kulala nyumbani. Wabeba mizigo wakaanza kutoa maoni. Mama mmoja mwenye beseni la nyanya akanihurumia, akasema mwacheni papa huyu, pengine ana mtu wake huko. Nikageuka nikarudi. Koti sina.

Habari imefika nyumbani kabla yangu. Uwera kaniuliza kwa upole kama kuna hoteli anayopaswa kuijua. Halafu akauliza: na chumba, lini?

Ijumaa, 8 Septemba

Baada ya swala nimenunua pamba. Nimeziba masikio. Ruhuka inapita hata kwenye pamba!

Uwera ameshika pini mdomoni akaanza kuniambia kitu. Eti "lakini Papa Kamali, hapa kwetu Rusizi hiyo ru yako..." Nikamwinulia mkono. Nikamwambia kila mtu na kazi yake, mimi sikuingilii kwenye kola na mifuko. Akatabasamu, akarudisha pini mdomoni.

Jumamosi, 9 Septemba

Leo nimeapa.

Ilikuwa hivi. Wakati wa chakula Uwera kasema mbele ya mama yake kwamba amechoka kushonea kitandani, wateja wanakuja kupimwa nguo na wanamkuta mumewe amelala. Nikasimama. Nilikuwa na ujasiri wa kimulimuli. Nikasema kesho naleta mashine, na Jumatatu Kamembe yote itakuwa ndani ya chumba kile. Nisipoileta, chumba ni chako siku hiyo hiyo!

Uwera akaomba nirudie, polepole, nikimwangalia mama yake. Nikarudia. Mama mkwe akaacha maharage, akaitikia kwa kichwa. Kwetu neno ulilosema mbele ya mama mkwe halirudi mdomoni, hata ukilivuta kwa koleo.

Usingizi umekuwa mgumu. Chumba kile alikianza baba yangu. Birika lake bado liko pale ukutani. Kikienda, mimi ni nani? Mume wa fundi. Lakini ninayo ru. Ninayo ru!

Jumapili, 10 Septemba

Mungu wangu. Nianzie wapi.

Ukumbi ulijaa. Watu wa mpunga wa Bugarama, watu wa soko, majirani wa Bukavu waliovuka asubuhi, kwaya nzima ndani ya zile sare nilizolalia. Maman Haruko alivaa kimono. Sijawahi kuona nguo ya namna ile. Uwera alikwenda moja kwa moja akashika ukingo wa mkono, akaugeuza kutazama mshono wa ndani, akasahau hata kusalimia. Nikawaona wote wawili wameinama juu ya uzi, wanaongea bila lugha.

Mashine ilikuwa mezani, imefunikwa kitambaa. Ilipofunuliwa watu walisema "aaaa" kwa pamoja, na maikro ikashika ile "aaaa" ikaturudishia mara mbili. Vinyweleo vilinisimama.

Maman Haruko alianza. Wimbo wa mvua ya kijijini, Inaka no Ame. Unaishia na me. Anayefuata, Ntabaza! Akapanda na suti ya kahawia, akasema ataimba wimbo alioutunga mwenyewe kwa ajili ya mkewe. Na lazima niandike ukweli, kwa kuwa hakuna anayesoma hapa: mtu yule ana sauti. Aliimba mpaka Marguerite akajifunika uso kwa kitenge. Wanaume watu wazima walikohoa wakatazama dari. Nami nikaona nimekwisha, chumba kimekwenda.

Ndipo Maman Haruko akamwomba ataje jina la wimbo. Ntabaza akavuta koti, akasema: "Merci, Marguerite, Pardon."

N!

Niliruka nikaangusha kiti. N! Ntabaza akapinga sana. Akaeleza kwamba ile N ni ya Kifaransa, haisomwi, imewekwa pale kwa urembo tu, muulizeni mwalimu yeyote. Maman Haruko akamwomba aandike. Akaandika, kwa kalamu aliyoazima. Ilikuwa pale mwishoni, imesimama wima. Maman Haruko akamwinamia mpaka kiunoni, akasema pole, Papa Ntabaza. Kaangushwa na urembo!

Wakafuata wengine, wakaanguka mmoja mmoja, huyu kakosa wimbo, huyu kasahau maneno katikati. Ikafika zamu yangu. Mnyororo ulikuwa umekatika, kwa hiyo nilikuwa huru kuanza na wimbo wowote, na anayenijibu ni Maman Haruko mwenyewe.

Nikapanda. Nikaimba Mizuumi no Hotaru, kimulimuli wa ziwani, kuanzia mwanzo hadi mwisho, na ule mwangwi ukanipokea, sauti yangu ikatoka pana, ikafika kwenye pembe zote za ukumbi. Sikujua kwamba nina sauti. Maman Haruko alikuwa ameweka mkono kifuani. Baadaye alisema wimbo ule mama yake alikuwa akiuimba akifua nguo, na hakutegemea kuusikia Kamembe. Sikuwa nimefikiria kwamba nyimbo zile zina mama zao. Kwa dakika moja, nakiri, nilisahau mashine.

Dakika moja tu. Halafu nikatangaza jina, na ile ya mwisho nikaivuta: Hota-ruuu.

Akafungua mdomo. Akaufunga. Akasema "ru..." taratibu. Akatazama dari. "Ru..." Akahesabu kitu vidoleni. Akacheka kama msichana, akainama mbele yangu, chini kabisa, na ukumbi ukasimama.

Nimemshinda Mjapani kwa Kijapani! Mimi! Kamali wa chai! Nilimtafuta Uwera kwa macho ili aone. Alikuwa ananong'ona na mama yake.

Nikanyoosha mkono kwenye mashine. Maman Haruko akanizuia kwa upole. Akageukia watu, akasema sasa sheria ya mwisho: kama yupo yeyote ukumbini anayeweza kuendeleza, aendeleze. Kwa lugha yoyote.

Nikasema hapana, ni Kijapani! Akanijibu kwamba alinieleza Jumatatu, kwenye meza yangu, nami niliitikia kwa kichwa.

Lugha yoyote. Nikawatazama watu. Watu wa Rusizi. Nikaona midomo inaanza kucheza. Mmoja kasema Rusizi. Wa nyuma yake kasema Ruzizi, maana wa Bukavu mto ule ule wanautaja hivyo. Ruhengeri. Rubavu. Rukundo. Ruhusa. Rudi. Mwanakwaya mmoja kauliza kama Lulu inakubaliwa, na Maman Haruko, ambaye kwake R na L ni ndugu wa tumbo moja, akasema bila shaka. Yaani nimebeba silaha kutoka Japani, nikaileta kwenye nchi ambayo hata udongo wake unaanza na ru!

Lakini aliyesimama ni mama mkwe.

Alipanda polepole, akakataa maikro, akaisogeza kando kama mtu anayesogeza sufuria. Mashine haikuwa na muziki wake. Akagonga meza kwa vidole, ule mdundo wa maharage kwenye ungo, akaanza. Ruhuka.

Tangu Ijumaa nimeuziba kwa pamba. Leo sikuwa na pamba. Pumzika jembe, pumzika mgongo. Wanawake wa Bugarama wakaitikia, wanaujua. Wa Bukavu wakaitikia, hawaujui, wakaitikia tu. Alipofika pale pa "pumzika na wewe uliyelala njaa", Ntabaza alikuwa analia wazi wazi kwenye tai yake. Na mimi pia. Niliona migongo, niliona mama yangu marehemu ameinama shambani, niliona jioni zote za Gitambi ambazo sikuwahi kuwa nazo. Maman Haruko akaenda akashika mikono yake miwili, akaiweka kwenye paji la uso wake.

Halafu, jamani, watu wakanigeukia mimi. Ruhuka inaishia na ka. Zamu yangu.

Nyimbo saba ninazo. Nikazipitia kichwani. Mizuumi, Yama, Ame... Hakuna hata moja inayoanza na ka! Nilichagua mikia, sikuangalia vichwa!

Jasho. Ka. Ka. Mtu aliyekwama anashika kilicho karibu. Nikaimba "Kamali". Nilitunga palepale: Kamali eee, Kamali wa chai, Kamali mwana wa birika. Ubeti mmoja na nusu. Watu walicheka mpaka wengine wakakaa sakafuni, lakini Maman Haruko akapiga makofi, akasema wimbo ni wimbo. Kamali, inaishia na li. Nani anaendelea?

Nikatulia. Nikajisemea: li, nani ana li?

Uwera akasimama.

Mke wangu haimbi. Nimekaa naye miaka yote hii, sijamsikia akiimba hata akiosha vikombe. Alipanda, akatoa pini mdomoni, akaichoma kwenye ukosi, akashika maikro. Akataja jina kwanza, kwa adabu, akinitazama: "Lini Utanipa Chumba."

Akaimba. Lini, uliniambia mvua ikikatika. Lini, uliniambia Ramadhani ikiisha. Lini, uliniambia Idi. Kitanda kimejaa sindano, mume wangu, lini? Mwangwi ukarudia: lini, lini. Ukumbi mzima ukashika kiitikio. Wanawake wakasimama wakiwatazama waume zao. Marguerite alimwimbia Ntabaza, sijui anamdai nini. Sauti ya Uwera si kubwa. Ni nyembamba, imenyooka, kama anavyokata kitambaa. Huyu ndiye anayelala upande wa ukutani? Sauti hii ilikuwa wapi? Nilitamani aendelee kunidai mpaka asubuhi.

Akamaliza. Chumba, inaishia na mba. Kamali, jibu.

Mba.

Nikahesabu vidoleni. Mba... Sikupata kitu. Nikarudisha maikro mahali pake.

Mashine kachukua Uwera.

Jumatatu, 11 Septemba

Neno ni neno. Asubuhi tumehamisha meza. Ntabaza kavuka kuja kusaidia kubeba cherehani, bila kuombwa, na kauliza ile kalamu hatimaye amepewa nani. Maman Haruko kapita kuaga. Kamwachia Uwera kipande cha hariri ya kimono. Mimi kaniinamia tena, akasema hajawahi kupigwa ru na mtu wa nje. Hajawahi! Nimemwomba arudie mbele ya Uwera. Akarudia. Akaondoka, nasi tukabaki barabarani tunapunga mikono hata gari lilipokuwa halionekani.

Birika la baba limebaki ukutani. Uwera mwenyewe ndiye aliyesema lisiguswe.

Jumanne, 19 Septemba

Chumba kimejaa tangu asubuhi! Wanawake wanakuja kupimwa nguo, wakingoja wanaimba, wakiimba wanakauka koo, wakikauka koo wanataka chai. Mimi nimepewa kona, nyuma ya rido, pazia alilolishona Uwera, mimi na birika na mandazi. Ninauza hata kupitia dirishani. Leo Ntabaza kazima televisheni yake akaja na Marguerite kuimba ule wimbo wa N, na watu wake wakamfuata nyuma. Uwera anapiga cherehani kwa kufuata mdundo. Nikichungulia kwenye rido namwona, na bado nashangaa.

Nimefikiri sana jambo lililotokea. Sasa nimeelewa kosa langu. Ru ilikuwa ya Kijapani, ndiyo maana hapa haikufaa. Silaha ya kweli ni ile iliyoniangusha mimi: mba! Nimekaa siku tisa naitafakari na sijapata hata wimbo mmoja unaoanza na mba. Nikikosa mimi, nani atapata? Uwera anaandaa mashindano Jumamosi, mshindi anachagua atakalo. Nitachagua nusu ya chumba. Tayari nimetunga nyimbo tano zinazoishia na mba. Nyumba. Kamba. Simba. Pamba. Tumba. Siri kabisa. Uwera kaniona naandika, akaanza kusema "lakini Papa Kamali, hiyo mba yako...", nikamwinulia mkono.

Ningekuwa nimemaliza na wa sita, ila mama mkwe ameongeza wiki nyingine, amekaa hapa hapa upande wa pili wa rido na ungo wake. Ruhuka ameiacha. Ana wimbo mpya, tangu asubuhi huo huo tu, "Mbabarira", yaani nisamehe, nisamehe, mara mia. Mbabarira! Mbabarira! Nimemwomba Uwera pamba. Mtu atafanyaje kazi ya akili katika kelele hizi?